Mtoto mwenye ualbino akingwe dhidi ya jua mapema

JUA la Ikweta ni hatari kubwa kwa mtoto mwenye ualbino. Ngozi yake haina melanini ya kutosha kuzuia miale mikali, hivyo huungua upesi na saratani yaweza kumwandama angali kijana.

Mtoto asiyetimiza miezi sita akae kivulini, asitegemee losheni. Akikua, avishwe nguo za mikono mirefu na kofia pana, kisha apakwe losheni ya SPF 30 au zaidi kila baada ya saa mbili. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husambaza losheni hiyo bila malipo.

Mawingu yasimhadae mzazi, kwani miale huyapenya. Naye mzazi mwenye ualbino asijisahau: kidonda kisichopona kichunguzwe na daktari bila kuchelewa.