Programu Moja, Funguo za Nyumba Nzima

Wewe unayepiga picha za harusi Diani na kuzihariri kwa laptopu ya Linux, skiza. Programu ya Flatpak hukaa ndani ya boksi lake, sawa. Lakini ulipoiweka kwa terminali ulionyeshwa ruhusa inazotaka, ukabonyeza y bila kusoma. Kama kulikuwa na neno "home", umempa mpangaji wa chumba kimoja funguo za nyumba nzima: picha za wateja, skani ya kitambulisho chako, zote.

Leo fungua Flatseal. Chagua programu, zima "All user files", kisha kwenye "Other files" ongeza folda ya kazi pekee. Funga programu, ifungue tena.

Bibi harusi wa Msambweni alikuamini wewe, si programu. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 itakuuliza wewe.