Dawa isiyoua bakteria hutafutwaje?

Dawa za bakteria tumezoea kuzipima kwa kifo. Unaotesha bakteria kwenye sahani ya maabara, unaweka dawa, na kesho yake ukikuta duara tupu pale ulipoiweka, unajua imefanya kazi. Kipimo hicho kingeitupa jalalani dawa ninayoizungumzia hapa, maana yenyewe haiui.

Mchukue Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu, ambaye baadhi yetu tunaishi naye puani bila shida. Ili adhuru, sharti ajishikize kwenye tishu na kuzikwepa seli za kinga. Kazi hizo hufanywa na protini zilizopachikwa kwenye ukuta wake, na kinachozipachika ni kimeng'enya kiitwacho sotesi A, kilichoelezwa mwaka 1999 na maabara ya Olaf Schneewind, Marekani. Bakteria aliyenyimwa kimeng'enya hicho hukua vizuri tu kwenye chupa, lakini akidungwa ndani ya panya, makali yake huwa yamepungua sana. Basi dawa inayotafutwa ni ya kukizuia kimeng'enya hicho.

Ili kuzipachika protini hizo, sotesi A hukata mfuatano mfupi wa asidi amino uliomo ndani yake, kati ya threonini na glisini. Wakemia hutengeneza kipande chenye mfuatano huo, ncha moja ina molekuli inayong'aa, ya pili ina molekuli inayoumeza mwanga huo. Kikikatwa, mwanga hutoka. Basi kemikali hujaribiwa kwa maelfu, kila moja kwenye kishimo chake, na mtafiti huokota vishimo vilivyobaki giza.

Giza nalo hudanganya. Kwasetini, iliyomo kwenye vitunguu, huizuia sotesi A, lakini ni ya manjano na inaweza kuumeza mwanga yenyewe. Kemikali nyingine hung'ang'ania salfa ya kimeng'enya, na zingeng'ang'ania vilevile salfa ya protini zetu. Ndipo huja kipimo ninachokipenda: bakteria waliotiwa dawa lazima waendelee kukua kama kawaida, ila washindwe kunata kwenye fibrinojeni, protini ya damu. Wakifa, kemikali hiyo hutiliwa shaka.

Mwaka 2014 kemikali moja ya namna hii iliwakinga panya waliodungwa dozi ya kuua ya bakteria huyo. Watetezi wake husema asiyeuawa hana sababu ya kujenga usugu. Naona wanaharakisha: mwilini, anayebaki na silaha bado ana faida kuliko aliyepokonywa. Na mgonjwa ambaye kinga yake imechoka, nani atamsafishia bakteria hao? Kwake itabidi dawa hii iandamane na antibiotiki ileile ya kuua.