Njahi: Chakula cha Mzazi Chataka Maji na Subira

Katika nchi ya Wakikuyu, tangu zamani mwanamke aliyejifungua hupikiwa njahi, yaani punje nyeusi za jamii ya maharagwe zenye mstari mweupe ubavuni. Watu wa pwani huziita fiwi. Heshima yake ni kubwa hata mvua za masika, zianzazo mwezi wa Machi, zikaitwa mvua ya njahi. Lakini wako kina mama wa mjini wanaozikwepa, wakisema kwamba zala makaa mengi, tena ni chungu. Kasoro hizo mbili zina dawa, na dawa yenyewe ni maji.

Kwanza chagua njahi za mavuno ya karibuni. Punje iliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu huwa ngumu, wala moto mwingi hauilainishi upesi. Zipepete, uondoe mawe na zilizotobolewa na wadudu, uzioshe, kisha uziloweke usiku kucha katika maji yaliyo mara 3 ya kadiri yake. Asubuhi yamwage maji yale, utie mengine, uchemshe. Maji hayo yakisha kuwa meusi, yamwage pia, kwa maana uchungu hutoka pamoja nayo. Endelea kwa maji mapya ya moto mpaka punje ipondeke kati ya vidole viwili.

Wako watiao magadi ili ziive haraka. Ni kweli hulainisha, lakini huharibu vitamini B1, ambayo mama anyonyeshaye anaihitaji sana. Nyanya na ndimu nazo zingoje mpaka punje zimelainika, kwa sababu ukali wake huchelewesha kuiva.

Apikaye maharagwe mekundu na ajihadhari zaidi. Punje 4 au 5 tu zisizoiva zaweza kumtapisha mtu vibaya baada ya saa chache. Basi yakisha kulowekwa, yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili katika maji mapya, ndipo moto upunguzwe. Kuyaacha tangu mwanzo juu ya moto hafifu usiochemsha kwaweza kuizidisha sumu badala ya kuiondoa.

Njahi zilizoiva zipondwe pamoja na ndizi mbivu, kama wafanyavyo wazee wetu wa kike, mzazi apewe zingali moto. Aliyeloweka jana hatatumia makaa mengi leo.