Kigoma–Dar es Salaam kwa treni: kulipia mlango unaofungwa

Mfanyabiashara anayevuka Ziwa Tanganyika kutoka Uvira, Baraka ao Kalemie kwenda kununua bidhaa Dar es Salaam anafika Kigoma akiwa bado na kilomita zaidi ya 1.200 mbele yake. Wengi wanapanda basi. Wanaochagua treni ya reli ya kati wanakuta swali moja kwenye dirisha la tiketi: kukaa ao kulala?

Daraja la tatu ni viti tu, na safari inakula siku mbili hivi. Daraja la pili lina vyumba vya vitanda sita. Daraja la kwanza ni chumba cha vitanda viwili.

Wanaume na wanawake hawachanganywi chumba kimoja. Bwana na bibi wanaotaka kusafiri pamoja wanapaswa kulipia vitanda vyote vya chumba, ndiyo maana vile viwili vya daraja la kwanza vinawafaa. Lakini kwa mama wa biashara aliye peke yake na feza mfukoni, chumba cha wanawake sita kinaweza kuwa bora kuliko cha wawili: mmoja akienda msalani, wengine wanabaki na mizigo. Na mlango si kila kitu. Usiku, treni ikisimama kwenye stesheni ndogo, mkono wa mwizi unapita dirishani. Wazoefu wanalifunga kabla ya kusinzia.

Wazo la chumba cha kufungwa lilienezwa Ulaya na Mbelgiji, Georges Nagelmackers. Alikuwa ameona Marekani mabehewa ya Pullman, ambamo vitanda vilitengwa kwa pazia tu. Yeye akaweka kuta na milango. Kampuni yake ya mabehewa ya kulala ilianza miaka ya 1870.

Reli ya Kigoma yenyewe ilijengwa na Wajerumani, ikafika ziwani mwaka 1914. Miaka miwili baadaye askari wa Force Publique kutoka Kongo waliteka Kigoma na Tabora.

Tangu 2024, treni ya umeme inakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache, watu wakiwa wamekaa vitini. Upande wa Kigoma bado ni reli ya zamani, ambayo mafuriko ya Kilosa yameikata mara nyingi. Vitanda vya daraja la kwanza ni vichache; anayevitaka anunue tiketi mapema, na aulize kwanza kama njia iko wazi.