Apolo na Jembe Lake

Wengine hudhani ya kuwa mtu jasiri haogopi kamwe. Sivyo. Asiyeijua hatari huenda kama kipofu. Jasiri huiona, naye huenda.

Mtazameni Apolo Kivebulaya, mwalimu wa Injili kutoka Buganda. Katika mwaka 1896 alikwenda Mboga, magharibi ya milima ya Ruwenzori, nchi ambayo sasa ni ya Kongo. Walimu wawili walikuwa wamemtangulia huko, lakini mtawala Tabaro aliwakataza watu wake wasiwape chakula, nao wakarudi kwa njaa. Apolo aliijua habari hiyo. Basi alimwomba Mungu, kisha akanunua jembe, apate kulima chakula chake mwenyewe. Maana kumtumaini Mungu si kukaa mikono mitupu.

Jembe lilimwokoa na njaa, lakini halikumwokoa na fimbo, kwa kuwa Tabaro aliamuru apigwe. Tena mwanamke mmoja aliangukia mkuki akafa, na Apolo akasingiziwa kwamba amemwua, akatiwa kifungoni. Nani asingeogopa? Katika siku hizo za mateso, kama alivyosimulia mwenyewe, alimwona Kristo waking'aa kama jua, akamtia moyo aendelee kuhubiri.

Alipofunguliwa hakurudi kwao Buganda, bali Mboga, kwa wale wale waliomshitaki. Tabaro mwenyewe akabatizwa, akaitwa Paulo. Baadaye Apolo aliingia msitu wa Ituri kuwafundisha Wambuti. Alifariki mwaka 1933, akazikwa Mboga, kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kama alivyoagiza.