Mashine Isiyowaka: Maelezo ya Kutafuta Kasoro ya Kiyoyozi katika Vyumba vya Kuhamishika, Beni na Butembo

1. Utangulizi

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza kuzuka kwa ugonjwa wa Ebola katika jimbo la Kivu Kaskazini. Hadi mlipuko huo ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuwa waliugua, na 2,287 kati yao walikuwa wamefariki. Beni na Butembo ni miongoni mwa miji iliyoumizwa zaidi. Katika kituo cha matibabu cha Beni, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya kuhamishika viitwavyo CUBE. Kuta zake ni za plastiki angavu, hivyo mgonjwa huonwa na jamaa zake walio nje, na muuguzi huweza kumhudumia kwa kupenyeza mikono katika glavu zilizoshikizwa ukutani. Chumba cha namna hiyo hufungwa pande zote. Kikikosa kiyoyozi, hugeuka tanuri mara jua linapopanda.

Vyumba vya kuhamishika vyenye kiyoyozi vinajulikana pia kwingineko. Huko Marekani, nyumba ndogo za magurudumu zinazokokotwa na gari kwa ajili ya safari huwekewa kiyoyozi juu ya paa, na swali la kiyoyozi kinachokataa kuwaka ni la kila siku miongoni mwa wenye nyumba hizo. Mashariki ya Kongo hakuna desturi ya nyumba za safari za aina hiyo, ila yapo makontena yaliyogeuzwa ofisi, maabara za muda na mahema ya hospitali. Vyote hivi vinafanana kwa jambo moja: umeme wake aghalabu hutoka kwenye jenereta, nao hupitia waya mrefu uliolazwa juu ya ardhi.

Makala haya yananuia kueleza sababu za kiyoyozi cha chumba kama hicho kukataa kuwaka, na utaratibu wa kuitafuta kasoro. Hoja yake kuu ni kwamba mara nyingi kasoro haimo ndani ya kiyoyozi chenyewe, bali imo katika njia ya umeme inayokilisha. Aidha, malalamiko yasipopambanuliwa vyema kwa lugha, mtu huweza kununua mashine mpya kwa sababu ya ubovu wa waya.

2. Neno moja, hali nne

Neno kiyoyozi limeenea Tanzania na Kenya. Katika miji ya Kivu Kaskazini, ambako Kifaransa ndicho lugha ya shule na ya hati za serikali, husikika zaidi klimatizeri, na jenereta huitwa kwa neno la Kifaransa groupe. Maelezo yanayofungashwa pamoja na mashine nayo huwa ya Kiingereza au ya Kichina. Hivyo basi, mtu mwenye kuzungumza Kinande nyumbani na Kiswahili sokoni hulazimika kulieleza tatizo lake kwa lugha kadhaa kwa pamoja, na mwishowe hukimbilia neno moja tu: haiwaki.

Neno hilo hubeba hali nne zilizo mbalimbali, na kila moja ina chanzo chake:

(a) Mashine imenyamaza kabisa. Hakuna taa, hakuna feni, hakuna sauti. Umeme haufiki.

(b) Taa inawaka na feni inazunguka, lakini hewa haipoi na kompresa haisikiki. Umeme unafika, ila kompresa haijaamriwa kuanza.

(c) Kompresa inanguruma kwa sekunde chache, kisha hukata kwa mlio mdogo, na baada ya dakika kadhaa hurudia vivyo hivyo. Imeamriwa kuanza, inajaribu, nayo inashindwa.

(d) Swichi kuu inajikata papo hapo mashine inapowashwa. Umeme unapita kupita kiasi.

Fundi anayeambiwa haiwaki hana budi kuanza kwa kukisia. Akiambiwa inanguruma kisha inakata, amekwisha kupewa nusu ya jibu.

3. Jinsi kiyoyozi kinavyoanza

Moyo wa kiyoyozi ni kompresa, yaani pampu inayoendeshwa na mota na kuikandamiza gesi ili iweze kuchukua joto la ndani na kulitupa nje. Mota iliyosimama hudai umeme mwingi zaidi kuliko mota inayozunguka. Jambo hili hueleweka kwa mfano wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya Kivu Kaskazini: mwenye kubeba magunia hutumia nguvu nyingi zaidi kuiondoa ilipo kuliko kuiendeleza ikiwa imekwisha kushika mwendo.

Kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000, kinachotumia volti 220, huvuta kiasi cha ampea 4 kinapofanya kazi. Kinapoanza, kwa muda usiofika sekunde moja, huweza kuvuta mara nne hadi sita ya kiasi hicho, yaani ampea 16 hadi 24. Umeme huo wa ghafla ukikosekana, mota hubaki imesimama huku ikinguruma na kupata joto, mpaka kinga iliyo ndani yake iikate ili isiungue. Hiyo ndiyo hali (c).

Kifaa kinachoisaidia mota katika hatua hiyo ni kapasita, kijikopo cha plastiki au bati kinachohifadhi chaji ya umeme. Kapasita iliyochoka haina nguvu ya kuisukuma mota, na mara nyingi huonekana imefura kichwani. Bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya kompresa, ila dalili za kuharibika kwake hufanana na za kompresa iliyokufa. Mashine za kisasa za aina ya inveta hazina dai hilo la ghafla, kwa kuwa mota yake huongezewa mwendo taratibu.

4. Mwinuko wa mahali na nguvu ya jenereta

Beni iko kwenye mwinuko wa mita 1,150 hivi kutoka usawa wa bahari, na Butembo, umbali wa kilomita 55 hivi kusini yake, iko kwenye mita 1,750 hivi. Bidhaa nyingi za miji hii hupitia bandari ya Mombasa, huvuka Uganda, na kuingia nchini kwa mpaka wa Kasindi. Jenereta inayosafiri njia hiyo hupanda mlima pamoja na lori linaloibeba, na kadiri inavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi.

Injini ya petroli ya kawaida huhitaji hewa ili kuchoma mafuta. Kwa kanuni inayotumiwa na watengenezaji, injini kama hiyo hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa hesabu hiyo, jenereta iliyoandikwa wati 3,000 hubaki na wati 2,600 hivi ikiwa Beni, na wati 2,400 hivi ikiwa Butembo. Kabureta huweza kurekebishwa ili mchanganyiko wa petroli na hewa uwe sawa, na injini itatulia na kuacha kutoa moshi mweusi. Lakini nguvu iliyopotea kwa wepesi wa hewa hairudi.

Hivyo jenereta iliyowasha kiyoyozi bila shida huko pwani huweza kushindwa Butembo, ilhali mashine zote mbili ni nzima. Ikiwa jenereta hiyohiyo inalisha taa, friji na kompyuta, salio la kumwanzishia kiyoyozi huwa dogo zaidi. Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote: vizimwe vyote vingine, kisha kiyoyozi kiwashwe peke yake. Kikiwaka, ugonjwa umejulikana.

5. Waya mrefu

Jenereta huwekwa mbali na chumba kwa sababu ya moshi na kelele, na umbali huo hulipwa kwa volti. Waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 1.5, ukiwa na urefu wa mita 50, una ukinzani wa omu 1.17 kwa kwenda na kurudi. Ampea 4 zikipita humo, volti zinazopotea ni 5 tu. Ampea 20 za kuanzia zikipita, zinapotea 23, na volti 220 hubaki 197. Waya wa milimita za mraba 4 kwa umbali huohuo hupoteza volti 9 tu kwa ampea hizo 20.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Fundi hupima volti kwenye soketi kabla ya kuwasha, huona 220, na kuhukumu kwamba umeme ni mzuri. Umeme usiotumika hauonyeshi udhaifu wa waya. Kipimo chenye maana ni kile kinachosomwa wakati uleule kompresa inapojaribu kuanza. Mita ikishuka kwa ghafla na kubaki chini huku mashine ikinguruma, lawama ni ya waya, ya viungio vilivyolegea, au ya jenereta.

6. Utaratibu wa uchunguzi

Uchunguzi huanzia kwenye chanzo na kuishia kwenye kompresa, kamwe si kinyume chake.

Kwanza, kibandiko cha mashine kisomwe. Umeme wa Kongo ni wa volti 220 na mizunguko 50 kwa sekunde. Kiyoyozi kilichotolewa kwenye nyumba ya safari ya Marekani ni cha volti 120 na mizunguko 60. Kikiunganishwa moja kwa moja huungua, na transfoma hurekebisha volti tu, haibadilishi mizunguko.

Pili, kwa hali (a), njia ifuatwe hatua kwa hatua: jenereta, swichi kuu, waya, soketi, plagi, fyuzi. Plagi iliyoungua au kugeuka rangi ni ushahidi wa kutosha.

Tatu, kwa hali (b), kidhibiti joto kitazamwe. Butembo ina usiku wa baridi. Kiyoyozi kilichopangwa nyuzi 24 katika chumba chenye nyuzi 19 hakina sababu ya kuanza. Tena, mashine nyingi husubiri dakika tatu hivi baada ya kuzimwa, ili mkandamizo wa gesi usawazike. Anayeiwasha na kuizima mara kwa mara kwa kukosa subira huizuia isianze kabisa.

Nne, kwa hali (c), mizigo mingine izimwe, volti zipimwe wakati wa kuanza, waya ubadilishwe kwa mnene au mfupi, kisha ndipo kapasita ijaribiwe. Kompresa hushukiwa mwisho.

Tano, kwa hali (d), kazi isimame. Kuna waya uliogusana na mwingine au na bati la mashine, au swichi ni ndogo kuliko dai la mota. Kuifunga swichi kwa nguvu ili isijikate ni kuualika moto.

Yafaa kuongeza neno juu ya gesi, ambayo hulaumiwa kabla ya vyote. Kwa kawaida upungufu wa gesi huifanya mashine ifanye kazi bila kupoesha. Haiifanyi isiwake, isipokuwa kwa mashine zenye swichi inayozuia kompresa kuanza gesi inapopungua. Anayeuziwa gesi kwa ajili ya mashine iliyonyamaza kabisa ameuziwa dawa ya ugonjwa mwingine.

7. Hadhari

Kapasita huweza kubaki na chaji hata baada ya umeme kukatwa, na huweza kumjeruhi mtu vibaya. Kazi hiyo ni ya fundi anayejua kuitoa chaji hiyo. Jenereta isiendeshwe kamwe ndani ya chumba, hema au kontena, kwa kuwa moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Katika chumba cha wagonjwa, uchunguzi wowote utanguliwe na uamuzi wa wauguzi, kwani umeme uleule huenda unaendesha mashine ya kumpatia mgonjwa oksijeni.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kukataa kuwaka si kasoro moja, na kwamba katika miji ya mwinuko inayotegemea jenereta, mashine nzima huweza kuonekana mbovu. Anayemwita fundi kutoka mbali, naye fundi akisikiliza kwa simu, humsaidia kwa mambo matatu: kusema kama mashine imenyamaza, inanguruma au inakata swichi, kutaja nguvu ya jenereta na vitu vingine inavyolisha, na kutaja urefu na unene wa waya. Kiswahili, cha pwani na cha Kongo, kina maneno ya kutosha kwa kazi hiyo. Katika chumba cha plastiki kilichofungwa, chenye mgonjwa ndani na jamaa zake nje, maelezo hayo huokoa saa ambazo vinginevyo zingepotea katika kukisia.