Gari limelala Nyamisati, betri inakesha

Umeacha gari Nyamisati, umepanda boti kwenda Mafia. Siku nne baadaye unarudi, unazungusha ufunguo: tik, tik, kimya. Nani kaiba umeme?

Mara nyingi ni kile kifaa ulichofungiwa baadaye: redio, taa, au ile rimoti ya kufungua vali ya ekzosi ili gari lingurume. Fundi mwenye haraka huunga waya moja kwa moja kwenye betri, basi kifaa hakizimiki. Kikinywa ampea 0.5 tu, kwa saa 24 zimekwenda ampea-saa 12. Betri yako ya 45 haimalizi siku ya nne.

Pima. Zima gari, subiri kama nusu saa kompyuta zake zilale, kisha unga mita ya ampea kati ya betri na waya wake hasi (usipige stata, utaunguza mita!). Chini ya ampea 0.05 ni kawaida. Ikizidi, chomoa kwanza hicho kifaa cha kuongezwa, ndipo fyuzi mojamoja, mpaka namba ishuke. Ukishamkamata mwizi, mwambie fundi amhamishie kwenye waya unaokata umeme ufunguo ukizimwa, na aweke fyuzi.

Boti inaondoka sasa hivi? Fungua waya hasi, uende zako. Alamu nayo itazimika, kwa hiyo egesha penye mlinzi.